Mbio Ndefu za Jumapili na Mwili wa Mtu wa Kazi

Msimu wa kujiandaa na Kilimanjaro Marathon ukianza, klabu yetu hupata wageni. Wanakuja na raba mpya na swali moja: "Dada, hivi kweli nitamaliza?" Kumaliza si jambo gumu kama wanavyodhani. Mtu mwenye afya akifanya mazoezi miezi minne mitano bila kuruka wiki, kilomita 42 na mita 195 atazimaliza, hata kama vilima vingine atavipanda kwa kutembea. Natamani wangeuliza jingine: Jumatatu nitaamkaje? Jumanne ngazi nitazipanda? Alhamisi nitakuwa na nguvu za kumsaidia mtoto kazi za shule? Mbio ndefu za Jumapili hulipwa wiki nzima, na mwili unaolipa ndio huohuo unaokwenda kazini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni ya kusimama. Vipindi vinaanza asubuhi, madaftari ya kusahihisha hayaishi, na kwenye daladala mara nyingi nasimama kwenda na kusimama kurudi. Nyumbani kuna watoto na jiko. Nakimbia kwa sababu napenda kukimbia, na sijapata kitu kingine kinachonituliza moyo kama barabara tupu ya alfajiri. Naandika haya kwa sababu nawaona wenzangu wengi, watu wazuri wenye bidii, wakiacha mbio kabisa baada ya msimu mmoja au miwili. Wakati mwingi kinachowatoa ni zile Jumapili za kilomita 30 na zaidi, na siku zinazofuata.

Wengi wetu huchukua programu za mabingwa. Mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu, alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa sehemu 3 za mia za sekunde, nililia mbele ya televisheni. Kundi letu la WhatsApp siku ile halikulala. Ndani ya wiki watu wakaanza kuulizana bingwa anakimbia kilomita ngapi mazoezini ili nao wakimbie hizohizo.

Hebu tupige hesabu. Simbu alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yaani dakika 3 na sekunde chache kwa kila kilomita. Mwanariadha wa kiwango hicho hata akienda taratibu, tuseme dakika 4 kwa kilomita, kilomita 35 zitamchukua saa 2 na dakika 20. Mimi mwendo wangu wa mbio ndefu ni dakika 7 na nusu. Kilomita hizohizo kwangu ni saa 4 na dakika 22. Umbali ni mmoja, lakini muda wa kupiga miguu chini ni karibu mara mbili. Kwa hatua 165 hivi kwa dakika, saa 3 peke yake ni karibu hatua 30,000, na katika kila hatua mguu unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Akimaliza, bingwa anakula, anakandwa misuli, analala mchana. Kazi yake ya siku hiyo ni kupona. Mimi Jumapili mchana nafua sare za watoto, na Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituoni nasubiri gari.

Misuli ndiyo ya kwanza kudai, ila haidai siku ileile. Jumapili jioni mtu anajisikia mzima, anatuma picha, anasema safari hii mwili umekubali. Nyuzi za misuli zimechanika mahali padogopadogo pasipoonekana kwa macho, na uvimbe unaoletwa na kule kupona unachukua muda kujitokeza. Maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio. Ndiyo maana Jumanne huweza kuwa mbaya kuliko Jumatatu. Shuleni kwetu choo cha walimu ni cha kuchuchumaa. Asiyewahi kuchuchumaa siku moja baada ya kilomita 30 hawezi kuelewa: nyama za mbele za paja zinakataa kuukamata uzito, unashuka kwa kushikilia ukuta, na kuinuka ni kazi nyingine. Ngazi nazo, kupanda kunavumilika, kushuka ndiko kwenye taabu, kwa sababu msuli unalazimika kufanya kazi huku unavutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayouumiza zaidi.

Hapo Moshi, zinakokimbiwa mbio za Kilimanjaro, inatupata sisi watu wa Dar. Njia ya marathoni nzima inaanzia uwanja wa Ushirika, inatoka kwanza kwenye barabara kuu ya Dar, inarudi mjini, halafu katika nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka. Watu wanauogopa mlima ule, na ni kweli unachosha mapafu. Mimi naogopa mteremko wa kurudi, zile kilomita 10 hivi za mwisho, ambapo paja lililokwisha kuchoka linapigwa breki kila hatua hadi uwanjani. Anayefanya mazoezi yote kwenye barabara bapa ya pwani, Oysterbay hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, mapaja yake hayajawahi kuonja kitu hicho. Siku hizi tunapeleka baadhi ya mazoezi Goba na vilima vya Pugu, mbio fupi tu, tukishuka polepole. Msuli uliowahi kuumizwa kidogo na mteremko huumia kidogo zaidi safari inayofuata, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Ukifanya mara moja kila baada ya wiki mbili inatosha.

Ngozi na kucha hazipewi heshima kwenye mazungumzo ya mbio, lakini ndizo zinazonikumbusha Jumapili mara nyingi zaidi kwa siku. Mguu huvimba ukikimbia saa nyingi, hasa kwenye joto, na kidole gumba kikigonga mbele ya raba maelfu ya mara, damu inavilia chini ya kucha. Inaanza zambarau, inakuwa nyeusi, halafu miezi baadaye kucha inang'oka yenyewe. Swala tano kwa siku, na kila sijida vidole vya miguu vinabonyea chini. Kucha ikiwa bado mbichi, nakaa kitako kile cha tahiyatu nikiusikia mpigo wa moyo kidoleni. Raba iliyozidi saizi moja, soksi zisizo za pamba, kucha zilizokatwa fupi Ijumaa: hayo yamepunguza sana. Mapajani na kwapani napaka mafuta ya mgando kabla sijatoka, mengi, kuliko unavyodhani yanahitajika, na wanaume wapake chuchu, maana nimewaona wakimaliza fulana zikiwa na michirizi miwili ya damu kifuani. Mahali palipochubuka utapajua chini ya maji ya kuoga, na utakuwa umechelewa.

Raba za mtumba sina ugomvi nazo, wengi wetu tungekuwa peku bila hizo. Lakini bonyeza soli kwa kidole gumba kabla hujalipa. Ikiwa ngumu, hairudi, imejaa mikunjo ubavuni, ile imeshamfanyia kazi mtu mwingine hadi ikaisha. Ivae ya kwendea sokoni.

Joto nalo lina habari ndefu. Marathoni ya Moshi ni mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mbio zetu ndefu zote zinaangukia Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo Dar inachemka. Tunaanza mara tu baada ya swala ya alfajiri, giza bado, na kabla ya saa moja na nusu jua limeshakuwa kali. Unyevu wa pwani ndio unaoumiza kuliko nyuzi za kipimajoto: jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halikupoozi. Moyo unapelekewa kazi mbili kwa wakati mmoja, kupeleka damu kwenye misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke. Mwendo uliokuwa rahisi saa kumi na mbili unakuwa mzito saa mbili bila wewe kuongeza chochote. Anayetazama saa ya mkononi na kulazimisha mwendo uleule anajiumiza bure. Kwenye joto mimi nafuata pumzi: nikishindwa kumaliza sentensi ninapoongea na mwenzangu, napunguza.

Nina mizani ya bafuni, na naipendekeza kwa kila mtu kabla ya saa za bei mbaya. Najipima kabla ya kutoka na nikirudi, nimevua nguo zilizoloa. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji yaliyotoka. Januari hupoteza zaidi ya kilo mbili hata nikiwa nimekunywa njiani. Tangu nianze kupima nimeelewa kwa nini kichwa kilikuwa kikiniuma Jumapili jioni hadi Jumatatu, maumivu ambayo watu hudhani ni uchovu.

Lakini kunywa nako kuna mpaka, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu barabarani wapo wenye nia njema wanaomwambia kila mtu anywe, anywe tu. Maji matupu yakizidi, sodiamu ya kwenye damu, yaani ile ya chumvi, inashuka, seli za ubongo zinavimba. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 kwenye utepe wa mwisho; asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kuliko inavyotakiwa. Walio hatarini zaidi ni wale wanaochukua zaidi ya saa 4 na wale wanaomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Yaani ni sisi, wakimbiaji wa polepole tunaopata muda wa kusimama kila meza ya maji. Dalili zake zinafanana na za kukaukiwa maji, na mtu anayezipata akipewa maji zaidi anazidi kuzama. Mimi nakunywa kiu inaponiambia, na katika chupa moja kati ya mbili nakoroga ORS ya duka la dawa. Madafu nayapenda na nayanywa nikimaliza, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linaondoka zaidi na sodiamu. Dafu peke yake halirudishi chumvi. Kula na kitu cha chumvi.

Chakula cha njiani kwangu ni tende. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini inayotosha, kwa wengi wetu, hadi kilomita 30 na kidogo, na chini ya hapo ukienda kasi au ukitoka na njaa. Ikiisha, unakata moto: miguu inakuwa ya mtu mwingine, baridi inakupata juani, mawazo yanakuwa mazito. Tende tatu kila dakika 40 hivi, na maji, zinanifikisha nyumbani nikiwa na akili ya kupika. Tumbo linahitaji kufundishwa kupokea chakula wakati wa mbio, kwa sababu damu nyingi inakuwa imelikimbia kwenda miguuni. Ndiyo sababu ya yale maumivu na kuhara kunakowapata wengi baada ya saa mbili. Maharage ya Jumamosi usiku tumeyaacha wote klabuni, na kila njia yetu inapita kwenye msikiti au kituo cha mafuta chenye choo.

Sasa dawa za maumivu. Diklofenaki inapatikana kila kona ya mji huu, na kuna wakimbiaji wanaoimeza kabla ya mbio ndefu ili magoti yanyamaze. Naomba waache. Figo katika mbio ndefu tayari ziko kwenye shida: damu inayozifikia imepungua, maji yamepungua, na zinachuja mabaki ya misuli iliyochanika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima wakimbiaji 22 wa marathoni ya Hartford ya mwaka 2015 na kukuta asilimia 82 wana dalili za figo kuumia kwa muda. Zilirudi sawa ndani ya siku mbili. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinabana zaidi ile damu kidogo inayofika kwenye figo. Juu ya hilo, zinazima sauti pekee inayoweza kukuambia simama. Na mkojo ukitoka wa kahawia iliyokolea baada ya mbio, misuli ikiwa imevimba na haina nguvu, hiyo si ya kusubiri kesho. Nenda hospitali, siku hiyohiyo.

Mwenzetu mmoja, kijana wa bodaboda, alikuwa na maumivu ya ugoko. Yalianza kama yanavyoanza ya watu wengi, kwenye eneo refu la upande wa ndani wa mfupa, yakipoa akishapata joto. Akaendelea na mbio ndefu kwa vidonge. Wiki kadhaa baadaye alikuwa anaweza kuonyesha mahali panapouma kwa ncha ya kidole kimoja, na palikuwa panauma hata amelala. Nilipapapasa mwenyewe pale kwenye baraza ya nyumba yao. Kijipande cha ukubwa wa sarafu, kimevimba kidogo, nikigusa anaruka. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, jambo ambalo ni la kawaida, kwa sababu ufa wa namna ile mara nyingi hauonekani kwenye eksirei hadi mfupa uanze kujiunga. Daktari hakudanganyika na picha, akamkataza. Kijana akakaa miezi miwili bila kukimbia na, kwa sehemu kubwa ya muda huo, bila kuendesha pikipiki. Huyu ni mtu anayekula anachokipata siku hiyo. Kila mgeni wa klabu namfundisha tofauti hiyo: maumivu yaliyotanda yakapungua ukitembea ni uchovu, yape siku, maumivu ya ncha moja ya kidole, yanayouma usiku, ni mfupa, simama sasa.

Wanawake tunalo letu. Kuna wenzangu ambao hedhi zao zilikatika katikati ya msimu na wakafurahi kupumzika nayo. Si mapumziko. Mwili unaopewa chakula kidogo kuliko unachotumia unazima mambo unayoona si ya lazima, na mifupa nayo inaanza kupungukiwa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua rasmi hali hii na kusema inawapata hata wanaume. Kwetu inajificha kirahisi, maana anayepungua kilo anasifiwa kila anapopita. Mama wa nyumba akitoka mbioni saa tatu, akawapikia wote, akala kilichobaki saa nane mchana, hapo pengo limeshachimbika. Kwa hiyo chakula changu cha baada ya mbio nakipika Jumamosi na kukifunika: viazi vitamu, mayai, au wali na dagaa. Nakula kabla sijaoga, na nyumbani wameshajua kwamba ile sahani haiguswi.

Baada ya kuyaona yote hayo nimeacha kupanga mbio ndefu kwa kilomita. Napanga kwa muda. Ukomo wangu ni saa 3, zinipeleke nilikofika, iwe 22 Januari yenye joto au 25 siku ya mawingu. Zikifika, nasimama, natembea hadi nyumbani. Juzi mzee mmoja wa klabu, mwanajeshi mstaafu ambaye namheshimu sana, alinibishia: "Mwanangu, utafikaje 42 kama hujawahi kuvuka 30?" Nilimjibu kwa adabu kwamba, kwangu mimi, zile kilomita za mwisho zinabebwa na jumla ya miezi yote, na za katikati ya wiki zina kazi kubwa. Jumatano nikikimbia 12 na Ijumaa 8, Jumapili saa 3, nikafanya hivyo miezi minne bila kukosa, naingia Moshi na miguu iliyozoea. Nikikimbia 35 Jumapili moja nikachechemea hadi Alhamisi, nimepata Jumapili moja na kupoteza Jumatano na Ijumaa. Mzee hakukubali moja kwa moja. Alisema atajaribu.

Kazini nako nimepanga. Nilimwomba mwalimu wa taaluma anihamishie vipindi viwili vya mfululizo kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi, akakubali, na Jumatatu nafundisha zaidi kwa kuwapa wanafunzi mazoezi huku nimekaa mezani. Jumapili usiku simu inazimwa saa tatu. Kila wiki ya nne mbio ndefu zinakuwa saa moja na nusu tu, hata kama mwili unataka zaidi. Katika vyote hivi usingizi ndio uliobadilisha mambo kuliko raba, vidonge vya chumvi, au kitu chochote nilichowahi kununua.

Zipo Jumapili ambazo saa 3 zinanikuta Mikocheni nikiwa na nguvu, pumzi ndefu, miguu inaomba. Nasimama vilevile. Kilomita zilizobaki nitazikimbia Moshi.